Tundu Lisilo na Skrubu

Masomo: Luka 15:8-10, Matendo ya Mitume 1:15-26, Yohana 20:24-29

  

Leo tungependa kuzungumza juu ya kitu kidogo sana, kitu ambacho kikianguka juu ya mkeka hutasikia hata mlio wake. Kitu hicho ni skrubu, ambayo wengine huiita parafujo. Wala si skrubu ya mlango au ya kitanda, bali ile ndogo inayofunga kompyuta ya nyumbani.

Twajua kwamba kompyuta si kitu kigeni tena katika nyumba zetu. Shule zilipofungwa nchini Kenya mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wazazi wengi walijinyima ili watoto wapate kompyuta ya kusomea. Wengine walinunua zile zilizokwisha kutumika ng'ambo, kwa kuwa ndizo walizoziweza. Mashine kama hizo zimepita katika mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Ukigeuza moja na kuitazama upande wa chini, huenda ukaona kwamba palipokuwa na skrubu kumi sasa zimebaki saba, na yale matundu mengine yako wazi. Mwenye nyumba akiulizwa, hujibu, "Haidhuru, inafanya kazi."

Neno hilo "haidhuru" ndilo tunalotaka kulichunguza leo. Tuna mambo matatu ya kujifunza kutokana na tundu lisilo na skrubu, kisha kuna jambo moja ambalo skrubu haiwezi kutufundisha.

Jambo la kwanza: Tulione tundu lililo tupu.

Mtu asidhani kwamba skrubu ni pambo. Ndani ya kompyuta nyingi za mapajani mna kipande cha chuma kinachokaa juu ya prosesa, yaani ule ubongo wa mashine, ili kuiondolea joto. Kipande hicho hushikwa na skrubu chache, mara nyingi nne. Watengenezaji wengi huandika hata nambari kando ya kila moja, 1, 2, 3 na 4, ili fundi azikaze kwa utaratibu huo na chuma kikae sawasawa. Ikiwa moja haipo, upande mmoja wa chuma huinuka, pengine kwa unene wa karatasi tu. Mashine itawaka. Zile tatu zilizobaki zitajitahidi. Lakini joto halitatoka vizuri. Feni itapiga kelele, kazi itakwenda polepole, na siku ya jua kali mashine itajizima yenyewe katikati ya mtihani wa mtoto. Ndipo watu walaumu umeme, wengine walaumu virusi vya kompyuta, na wengine wamgombeze mtoto. Kumbe ni tundu lile lile ambalo tulisema haidhuru.

Tena, skrubu isiyokuwa mahali pake iko mahali pengine. Ikiwa imebaki ndani ya mashine, ikaviringika juu ya bodi kuu, yaweza kugusa pande mbili zisizopaswa kugusana, ikaleta shoti na kuunguza kila kitu. Kwa hiyo fundi mwenye busara akiitikisa kompyuta na kusikia kitu kinacheza ndani, haiwashi. Kwanza huchomoa waya wa umeme, huondoa betri ikiwa inatoka, kisha hufungua na kutafuta mpaka aione.

Bwana wetu aliwaambia watu habari za mwanamke mwenye sarafu kumi za fedha, ambaye mojawapo ilimpotea. Mwanamke yule hakusema kwamba tisa zatosha. Aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii hata akaiona, kisha akawaita majirani wafurahi pamoja naye. Tusisahau ya kwamba sarafu ile ilipotea ndani ya nyumba. Haikupotea njiani wala sokoni. Yuko mtu awezaye kupotea akiwa amekaa kwenye kiti kile kile, chini ya paa lile lile, nasi tukimpita kila asubuhi.

Ndugu zangu, katika parishi zetu kuna matundu matupu. Mama aliyekuwa akikaa benchi la tatu karibu na dirisha hajaonekana tangu Kwaresima. Kijana aliyekuwa akipiga ngoma ya kwaya ameacha. Ibada inaendelea, sadaka inahesabiwa, matangazo yanasomwa, nasi twasema haidhuru. Hata nyumbani ni vivyo hivyo. Baba hajala chakula cha jioni na watoto kwa miezi mitatu, lakini karo imelipwa, basi haidhuru. Wale waliobaki wanabeba uzito wa yule asiyekuwapo, na joto linazidi ndani kwa ndani. Siku nyumba itakapojizima ghafula, tutatafuta mchawi, tutalaumu shule, tutalaumu simu. Heri tuwashe taa mapema.

Jambo la pili: Tusilazimishe.

Mwenye nyumba akishaliona tundu, hutaka kuliziba upesi. Hutwaa skrubu yoyote iliyo karibu, akaikaza. Ikikataa, huongeza nguvu. Ikilegea, hutia gundi ama kijiti cha kiberiti. Hapo ndipo hasara huanza.

Katika kompyuta za mezani kuna jamii mbili za skrubu zinazofanana sana machoni. Ya kwanza ina meno mapana. Unene wake ni kama milimita 3.5, na meno yake ni 32 katika kila inchi. Hiyo hufunga vifuniko vya sanduku, kisanduku cha umeme, na diski kubwa ya inchi 3.5. Ya pili ina meno madogo yaliyokaribiana. Unene wake ni milimita 3, na kutoka jino hata jino ni nusu milimita. Hiyo hufunga mashine ya kusomea sidii na diski ndogo za inchi 2.5. Ukizilaza mezani pamoja, asiyezoea atasema ni mapacha. Lakini ukiilazimisha ya meno mapana katika tundu la meno madogo, utayasaga meno ya tundu lenyewe, na tangu siku hiyo hata skrubu iliyo ya haki haitashika.

Katika kompyuta za mapajani hatari ni urefu. Kifuniko kimoja cha chini chaweza kuwa na skrubu ndefu upande mmoja na fupi upande mwingine. Ukiitia ndefu mahali pa fupi, milimita mbili zaidi zatosha kuchoma kilicho ndani, au kuinua uvimbe pale mtu anapoweka viganja vyake. Kwa sababu hiyo mafundi hodari huchora umbo la kifuniko juu ya kipande cha katoni, wakachomeka kila skrubu mahali ilipotoka. Nao hawaanzi kwa nguvu ya bisibisi. Huanza kwa vidole. Huizungusha skrubu kinyume kwanza, polepole, mpaka waisikie ikishuka kidogo na kukaa kwenye njia yake, ndipo waizungushe mbele. Skrubu ya haki huingia kwa vidole mizunguko miwili au mitatu ya kwanza bila ugomvi. Ikigoma mapema hivyo, si ya tundu lile.

Jambo hili la meno kutokubaliana limewaliza watu wakubwa. Huko Uingereza, Joseph Whitworth aliwashauri wahandisi wenzake mwaka 1841 kwamba skrubu zote zichongwe kwa kipimo kimoja, maana kila karakana ilikuwa na kipimo chake. Nchini Marekani, William Sellers alitoa ushauri kama huo mwaka 1864, lakini kwa kipimo chake mwenyewe. Hata hivyo vitu vingi viliendelea kutofautiana. Tarehe 7 Februari 1904 moto mkubwa ulizuka katika mji wa Baltimore, Marekani. Wazima moto walikuja mbio kutoka Washington na miji mingine, wengine kwa gari-moshi, wakiwa na mashine zao, nguvu zao na nia njema. Lakini wengi wao walipotaka kufunga mipira yao kwenye mabomba ya mji ule, meno hayakukubaliana. Maji yalikuwapo na watu walikuwapo, na moto ukazidi kula. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea.

Twaona basi kwamba nia njema peke yake haizimi moto. Baada ya Yuda kuliacha jeshi la mitume na kufa, Petro alisimama kati ya ndugu wapatao 120. Hakusema, "Na apande yeyote aliye karibu." Alitaka mtu ambaye alikuwa nao wakati wote, tangu ubatizo wa Yohana hata siku Bwana alipopaa. Walipatikana wawili, Yusufu aitwaye Barsaba, na Mathiya. Ndipo wakaomba, wakapiga kura, na Mathiya akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Kwanza walipima, kisha wakaomba, ndipo wakaliziba pengo.

Sisi nasi je? Twamweka mtu kuwa mweka hazina kwa sababu ana gari. Twamfanya kijana kiongozi kwa sababu ni mwana wa mzee fulani. Kisha tukishangaa kwamba halmashauri ina ugomvi, twakaza zaidi. Na nyumbani, mama akienda kufanya kazi Saudia ama Dubai ili watoto wale, msichana wa miaka 12 hutiwa katika tundu la mama yake. Apike, afue, alee wadogo, aamke usiku mtoto akilia, kisha ashike nafasi ya kwanza darasani. Wazazi wenzangu, hiyo ni skrubu fupi iliyotiwa mahali pa ndefu, nasi twaikaza kwa makemeo. Meno yake yanasagika. Yafaa shangazi, nyanya, majirani na kanisa wagawane mzigo ule, ili mtoto abaki mtoto.

Jambo la tatu: Tuweke akiba, nayo iwe na jina.

Kompyuta ikifa kabisa, wengi huitupa jalalani nzima nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme, na hata robo yake haikuandikwa kuwa ilikusanywa na kutengenezwa upya ipasavyo. Katika mzigo huo mna skrubu njema zisizo na hesabu.

Basi, kabla hujaitoa mashine iliyokufa, ifungue. Toa skrubu zote, na zile nguzo ndogo za shaba zinazoinua bodi kuu isiguse sanduku. Toa kadi za kumbukumbu, feni ikiwa yazunguka vizuri, na nyaya. Ikiwa ni mashine ya kisasa, huenda ikawa na diski nyembamba kama kipande cha chingamu, nayo hushikwa kwa kawaida na skrubu moja tu ya milimita 2. Ikipotea hiyo moja, diski husimama mshazari na haikai. Itie skrubu hiyo katika bahasha ya peke yake. Nunua pia betri ndogo ya duara iitwayo CR2032, yenye volti 3, maana hiyo ndiyo huikumbusha kompyuta saa na tarehe wakati umeme umezimwa. Ikiisha nguvu, mashine huamka kila asubuhi ikidhani ni mwaka uliopita zamani.

Lakini akiba isiyo na jina ni takataka iliyotiwa mkebeni. Kila bahasha iandikwe: imetoka katika mashine gani, sehemu gani, ngapi. Kadi ya kumbukumbu ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali tofauti. Chaja nayo yaweza kuingia tunduni na bado ikawa ya volti nyingine, ikaharibu mashine. Tena si kila kitu ni cha kuweka. Betri ya kompyuta ya mapajani iliyovimba usiitoboe wala usiifiche chini ya kitanda. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za vifaa vya umeme, maana yaweza kuwaka moto.

Bwana wetu alipokwisha kuwalisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, pasiwe na kitu cha kupotea. Yeye aliyeweza kufanya mikate mingi kwa neno tu hakudharau makombo, na vikapu kumi na viwili vikajaa. Utunzaji wa vitu vidogo si ubahili, bali ni adabu mbele za Mungu aliyetupa. Nyumba inayojua ilipo skrubu yake haipotezi shilingi ya fundi kwa jambo la dakika tano. Nayo parishi inayoandika majina ya wajane wake, wagonjwa wake na vijana walio chuoni, na kulisoma daftari hilo, haitashangaa siku mmoja akikosekana.

Sasa tufikie lile jambo moja ambalo skrubu haiwezi kutufundisha.

Skrubu ikipotea, tunayo mkebeni. Ikikosekana mkebeni, tutaipata kwa fundi wa jua kali, au katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, ya kipimo kile kile, wala kompyuta haitajua tofauti. Lakini mwanadamu hana spea. Mara ngapi tumekwenda kwenye matanga ya mtoto, tukamwambia mama yake, "Nyamaza, Mungu atakupa mwingine"? Twasema kwa nia njema, kama wale wazima moto wa Baltimore, lakini meno ya maneno yetu hayashiki katika jeraha lake. Someni kitabu cha Ayubu, mlango wa kwanza na wa mwisho. Kondoo wake walikuwa 7,000, wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Kila mnyama alirudishwa maradufu. Lakini watoto walikuwa wana saba na binti watatu, na baadaye akapewa wana saba na binti watatu tena. Kwa nini watoto hawakuongezwa maradufu? Waalimu wa kanisa tangu zamani wamelieleza hivi: wale wa kwanza hawakuwa wamepotea mbele za Mungu. Mungu aliwahesabu bado.

Na tumtazame Tomaso. Jioni ile ya siku ya kwanza ya juma, Bwana alipowatokea wanafunzi, Tomaso hakuwapo. Hapo palikuwa na tundu tupu. Yuda alikuwa ameondoka, na nafasi yake ilikuja kutiwa mtu mwingine. Lakini Tomaso je? Hakuna aliyesema kwamba atafutwe mwingine mwenye imani zaidi. Wenzake walimtafuta, wakamwambia waliyoyaona, wakavumilia maneno yake magumu. Na baada ya siku nane Bwana akaja tena, milango ikiwa imefungwa, akasimama katikati, akamwelekea yeye. Aliyajua maneno ya Tomaso neno kwa neno. Akampa mikono yake na ubavu wake.

Yafaa tujue tofauti hiyo, wapenzi wasikilizaji. Cheo kikiachwa wazi, na kipimwe, kiombewe, kisha kijazwe. Lakini mtu akikosekana, na atafutwe yeye mwenyewe. Kumpata mwimbishaji mpya wa kwaya hakutuondolei deni la kwenda kumsalimu yule wa kwanza aliyeondoka na uchungu. Mzazi aliyepata faraja kwa mtoto aliye nyumbani asimfute yule aliyeondoka kwa ugomvi. Mahali pake mezani na pabaki, hata ikiwa ni siku nane, hata ikiwa ni miaka minane.

Juma hili twawaomba mfanye mambo mawili. Mwenye kompyuta na aigeuze, ahesabu matundu, aandike yaliyo tupu, atafute skrubu za kipimo cha haki. Kisha kila mmoja wetu akae kimya mahali pake, ahesabu watu wa nyumba yake na wa benchi lake kanisani. Atakapomfikia yule asiyekuwapo, asiseme haidhuru. Na amwendee, au ampigie simu, amwambie tu kwamba mahali pake pako wazi na hakuna aliyepewa.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, wewe uwahesabuye nyota na nywele za vichwa vyetu, utusamehe kwa kuwa tumeyazoea mapengo. Utupe macho ya kuona asiyekuwapo, na subira ya kutolazimisha, na mikono iwekayo akiba kwa uaminifu. Uwakumbuke wote waliotoka nyumbani kwa hasira, na wote wawangojao. Uwafariji waliofiwa, ambao pengo lao hakuna awezaye kuliziba ila wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

 Mungu awalinde usiku huu na siku zote.